Lezi inakereza nene upande mmoja: kabla hujafungua kichwa cha mashine

Swali lililonifikia, nikilifupisha kidogo, ni hili:

"Fundi, shikamoo. Nina gari la mwaka 1967 ninalolifufua taratibu kwenye karakana ya nyumbani, na pembeni yake nina lezi (mashine ya kukerezea) ndogo ya mezani niliyoinunua ikiwa imetumika. Nilitaka kujikerezea bushi nne za bronzi za kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia). Nilifunga fimbo ya kipenyo cha milimita 26 kwenye chaki (kile kishikio cha meno kinachozungusha kazi), nikaiacha itokeze milimita 100 ili nipate bushi mbili kwa mkupuo mmoja, nikapitisha kisu cha mwisho polepole. Karibu na chaki napata 25.03, ncha ya mbali napata 25.09. Nimerudia mara tatu, jibu ni lile lile. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani ameniambia beringi za spindo, ule mhimili unaozungusha chaki, zimekwisha. Je, nifungue kichwa cha mashine, ile sehemu inayobeba spindo? Niweke gari pembeni kwanza niifanyie mashine matengenezo makubwa? Na ni vipuri gani vya gari mtu anaweza kujitengenezea nyumbani bila kujitafutia balaa?"

Marahaba, ndugu yangu. Kama umeshashika spana ya kufungulia kichwa, irudishe kwanza ukutani. Maelezo yako mwenyewe yanaonyesha kwamba beringi si mshukiwa wa kwanza, wala wa pili. Na bushi zako unaweza kuzikereza jioni ya leo kwa mashine hiyo hiyo, kabla hujaigusa popote.

Tuanze na namba ulizoleta, maana umezileta vizuri kuliko wengi wanaoniandikia "mashine yangu haikati sawa" basi. Tofauti ni 0.06 kwenye kipenyo, yaani 0.03 kwa upande mmoja wa fimbo. Ncha ya mbali ndiyo nene. Umerudia mara tatu na haikubadilika. Beringi iliyolegea haina adabu hiyo. Spindo yenye plei, yaani ulegevu, hutangatanga: kazi inatoka na mawimbi, kisu kinalia, duara linakuwa kama yai, na ukijaribu kukata kipande kwa kisu cha kukatia, kisu kinanasa mpaka mkanda unateleza. Kosa linalojirudia kwa kiasi kile kile na upande ule ule ni la kitu kilichopinda kikatulia, au la kitu kinachopinda kila mara kwa nguvu ile ile.

Kwako, kinachopinda kwanza ni fimbo yenyewe. Imeshikwa upande mmoja, upande wa pili unaelea. Ni tawi la mti: mtoto akikaa karibu na shina, tawi halijali, akisogea nchani, linainama. Kisu kinapokata huwa pia kinasukuma, na kadiri kinavyokuwa mbali na chaki ndivyo fimbo inavyokikwepa. Ikikikwepa, kinakata kidogo, na ncha inabaki nene. Kwa hiyo ncha ya mbali kuwa nene ni dalili ya kawaida kabisa ya fimbo kusukumwa. Ingekuwa nyembamba, ningekuambia tuutafute ugonjwa kwingine moja kwa moja, kwa sababu fimbo haiwezi kukifuata kisu.

Hesabu yake si ngumu, na inafaa kuijua maana itakuokoa mara nyingi. Kupinda huongezeka kwa urefu ukizidishwa wenyewe mara tatu: ukiongeza urefu maradufu, kupinda kunakuwa mara nane. Kwa upande wa unene hupungua kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne: fimbo nene maradufu ni ngumu mara 16. Na bronzi hupinda karibu mara mbili ya chuma cha pua kwa nguvu ile ile. Sasa chukua fimbo yako ya milimita 25 ikiwa imetokeza 100. Kisu kilichoanza kuwa butu, au cha kabaidi (ile metali ngumu sana ya vipande vya visu) chenye pua pana, kikiisukuma nchani kwa nguvu ya kilo 10 tu, ncha itarudi nyuma kwa milimita 0.016 hivi. Kwenye kipenyo hiyo ni 0.03. Nusu ya kosa lako imekwisha kupatikana, na hatujagusa mashine. Ongeza kwamba chaki nayo inajinyonganyonga na spindo ndogo nayo ina unyumbufu wake, unakaribia kulimaliza lote.

Fimbo hiyo hiyo ikitokeza milimita 40 tu, kupinda kule kule kunashuka hadi elfu moja ya milimita (0.001). Kwa hiyo tamaa ya kupata bushi mbili kwa mkupuo mmoja ndiyo iliyokuponza. Kereza moja moja. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba kitu kisichoegemezwa upande wa pili kisitokeze zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake, na kwa kazi ya kubana kama bushi nataka mara mbili au pungufu.

Na kisu. Kwenye lezi ndogo ya zamani, weka kabaidi kando ukatumie haispidi, kile chuma cha visu kinachonoleka kwa jiwe, uliyoinoa mwenyewe mpaka makali yakate unyoya wa mkononi. Vipande vingi vya kabaidi vimetengenezwa kwa mashine nzito zinazokata kwa kina. Ukivipa mpito (pitisho moja la kisu) mwembamba kuliko duara la pua yao havikati, vinasugua na kusukuma. Haispidi kali inakata hata mia mbili za milimita (0.02). Kasi ya mzunguko ipige hivi: 318 mara mita kwa dakika, gawanya kwa kipenyo. Ukienda mita 30 kwa dakika kwenye bronzi ya milimita 25, ni mizunguko 380 hivi. Usiende haraka kuliko hapo mpaka umeizoea.

Kimo cha kisu pia kina hila yake. Bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na fimbo, taratibu, mashine ikiwa imezimwa. Rula ikisimama wima, kisu kiko katikati. Ikilala kichwa chake kuja kwako, kisu kiko chini. Ikilala kwenda nyuma, kiko juu. Kazi ya sekunde kumi.

Hilo ndilo jibu la leo jioni. Lakini kama kuna sehemu ya lile kosa inayotoka kwenye mashine, lazima uijue, maana kesho utataka kukereza kitu kirefu. Hapo unaipima mashine yenyewe, na ili uipime lazima kwanza uondoe kupinda kwa fimbo kwenye hesabu. Tafuta kipande cha chuma kinene, milimita 40 hadi 50, kitokeze 150 hivi. Katikati ukipunguze, uache pete mbili: moja karibu na chaki, nyingine kwenye ncha, kila moja upana wa milimita 10 hivi. Usiiegemeze kwa mkia wa mashine, ile sehemu ya upande wa pili inayoegemeza ncha ya kazi. Kisu kikali, mpito wa 0.05 au chini, na hapa ndipo wengi huharibu: pete zote mbili zikatwe kwa mpito mmoja, kisu kikiwa kimefungwa pale pale, bila kugusa kabisa gurudumu la kuingizia kisu kati ya pete ya kwanza na ya pili. Ukiligusa umepima mkono wako, hukupima mashine. Rudia mpito huo huo mara mbili bila kuongeza kina, mpaka kisu kiache kutoa maganda. Subiri chuma kipoe. Pima kwa maikromita. Venia, kile kipimio cha taya chenye rula, haitoshi hapa.

Pete zikilingana ndani ya mia moja ya milimita (0.01), mashine yako haina kosa, na bushi zako zilikuwa hadithi ya fimbo ndefu tu. Funga mjadala. Zikitofautiana, mshukiwa anayefuata ni kitanda cha mashine, ule mwili mrefu wa chini wenye reli, kilichojinyonga.

Watu huliona jambo hili kama utani. Kitanda ni chuma cha kusubu, kizito, kinaonekana kama hakiwezi kupinda hata kwa nyundo. Lakini lezi ya mezani iliyofungwa kwa boliti nne juu ya benchi la mbao hujinyonga kwa urahisi wa ajabu, kwa sababu boliti zinakivuta kitanda kifuate benchi, na benchi linafuata sakafu na unyevu. Niliwahi kufungua kichwa cha lezi yangu ya kwanza kwa kosa kama lako. Nilimaliza wiki tatu, nikabadilisha beringi nzima nzima, nikakaza upya kwa kubahatisha, nikawasha: kosa lile lile, na sasa juu yake kelele ambayo haikuwepo. Siku moja nikaona benchi linacheza mguu mmoja. Nikachomeka kipande cha bati chini ya mguu wa mashine, na kosa likapungua nusu. Zile beringi nilizotoa zilikuwa nzima. Bado ninazo kwenye kopo.

Dawa yake ni shimu, yaani kipande chembamba cha kuinulia mguu. Simama mbele ya lezi, mahali unapofanyia kazi. Chukulia pete ya mbali ndiyo nene. Legeza boliti ya mguu ulio upande wako, kule kwenye mkia, weka shimu nyembamba chini yake, kaza. Ukiuinua mguu huo, kibebeo cha kisu kikifika upande wa mkia kinalala kidogo kwenda nyuma, ncha ya kisu inasogea kuelekea kwenye chuma, na pete ya mbali inakatwa zaidi. Pete ya mbali ikiwa nyembamba, shimu iende mguu wa nyuma wa upande ule ule. Miguu ya upande wa kichwa usiiguse.

Na shimu ni nyembamba kiasi gani? Kwenye lezi ambayo reli zake zimeachana milimita 100, katikati ya spindo iko 90 juu ya reli na miguu imeachana milimita 500 kwa urefu wa mashine, shimu ya 0.1 inaweza kubadilisha kipenyo cha pete ya mbali kwa karibu 0.045, kama pete ziko milimita 125 mbali. Bati la ubavu wa kopo la soda lina unene wa takriban 0.1, likate kwa mkasi, lisawazishe kingo. Karatasi ya kawaida ya kuandikia nayo ni kama 0.1, ila ikikazwa hushuka na ikilowa oili huteleza. Itumie kujaribia tu. Weka, kaza, kata pete tena, pima. Jaribio la tatu au la nne kwa kawaida linakufikisha. Ipe usiku mmoja, upime tena asubuhi, maana mbao zina tabia zake.

Usihangaike kutafuta pima maji ya bei kubwa. Pima maji ya seremala haioni kitu hapa: husoma karibu nusu milimita kwa mita, wakati ile ya mafundi mitambo husoma mia mbili za milimita kwa mita. Lakini hata hiyo ni msaada wa kufupisha kazi tu. Lezi haihitaji kulala sawa na maji. Kuna lezi zinafanya kazi ndani ya meli zikiyumba baharini. Inachohitaji ni kutojinyonga, na pete mbili zinakuambia hilo vizuri kuliko kifaa chochote.

Baada ya hapo, na si kabla, gusa mkia wa mashine. Wengi huanzia huku kwa sababu una skrubu mbili zinazoonekana. Mkia uliokaa pembeni huleta kosa pale tu unapouegemezea kazi, na wewe hukuuegemezea, kwa hiyo haumo kabisa kwenye kesi hii.

Beringi sasa, ili yule mzee naye apate haki yake. Funga fimbo fupi nene kwenye chaki. Weka saa ya kupimia, ile dayo geji yenye sumaku, msingi wake ukiwa juu ya kitanda na mguso wake ukiwa juu ya spindo yenyewe au shingo ya chaki, usiuweke kwenye fimbo. Shika fimbo, inyanyue na uiachie kwa nguvu ya mkono. Mshale ukienda mia moja au mbili za milimita na kurudi, kawaida tu, kwenye lezi ndogo kila kitu kina chembe ya unyumbufu. Ukienda mia tano (0.05) na kurudi kwa mlio wa "tak", hapo mzee ana hoja. Hata hivyo hatua ya kwanza ni kurekebisha mkazo wa beringi kwa nati iliyowekwa kwa kazi hiyo, robo ya robo ya mzunguko kila mara, kisha iendeshe nusu saa ukiweka kiganja juu ya kichwa. Joto la vuguvugu ni sawa; ikiwa huwezi kuacha kiganja, umekaza mno. Kufungua kichwa chote ni jambo la mwisho.

Umesahau kuuliza kuhusu chaki, ila najua utauliza: fimbo yako ikizunguka ukiona inayumba kwa 0.05 au hata 0.1, usishtuke. Chaki ya meno matatu ndivyo ilivyo, na haileti unene wa upande mmoja. Shida yake ni unapofungua kazi na kuifunga tena. Kwa bushi maana yake ni hii: kipenyo cha nje, tundu la ndani na uso wa mbele vyote vikamilike bila kulegeza meno, halafu ndipo uikate. Ukigeuza ili ukereze tundu upande wa pili, nje na ndani havitakuwa na katikati moja.

Turudi kwenye bushi zenyewe, maana ndizo zilizokuleta. Usikereze kwa namba ya kitabu, kereza kwa namba ya tundu. Pima tundu la kila kipande kinachobeba gurudumu la mbele, juu na chini, mahali pawili palipopishana kwa robo duara. Gari la miaka yote hiyo limeshafunguliwa na watu, na mara nyingi tundu moja limeshaongezeka. Kwa ukubwa wa milimita 25, kipimo cha kubana kinachotumika sana ni tundu kati ya 25.000 na 25.021 na bushi kati ya 25.022 na 25.035. Tazama jinsi uwanja ulivyo mwembamba. Kosa lako la 0.06 kwa 100 ni wastani wa 0.024 kwenye bushi ya urefu wa 40, yaani zaidi ya uwanja wote ulioruhusiwa kwa bushi. Ncha moja ingeng'ang'ania na nyingine ingecheza, na usukani ungekuambia baada ya miezi michache.

Pima bushi ikiwa imepoa. Bronzi ya milimita 25 ikipata joto la nyuzi 30 juu ya joto la chumba hunenepa kwa zaidi ya 0.013, na nyuzi 30 ni kitu kidogo sana chini ya kisu. Umekereza kwa usahihi ukiwa na joto, asubuhi unakuta bushi imekonda. Ukitoboa tundu, sugua kidogo makali ya keekee kwa jiwe la kunolea ili yasimame wima, la sivyo keekee itajichimbia ndani ya bronzi na kuivuta bushi itoke kwenye meno ya chaki. Acha tundu la ndani likiwa dogo kwa 0.15 hivi. Bushi ikiingizwa kwa presi hubanwa, na tundu lake hupungua kwa kiasi kinachokaribia kile ulichobania. Kwa hiyo saizi ya mwisho hupatikana kwa riamu (kifaa cha kupanulia tundu kwa usahihi) baada ya kuingia, si kabla. Na riamu ipite bushi ya juu na ya chini kwa mstari mmoja, ikiongozwa na bushi ya pili, maana kingpini moja inapita zote mbili. Ukizirimua moja moja kwa macho, pini itaingia kwa nyundo, na pini ya usukani iliyoingia kwa nyundo itakufanya usukani ubaki pale ulipouacha.

Kabla ya kubonyeza presi, angalia tundu la grisi. Toboa bushi, chora mfereji wake, halafu weka alama ya kalamu kwenye kipande na kwenye bushi ili tundu likae mbele ya nipo, kile kichuchu cha kuingizia grisi. Nimewahi kupokea gari ambalo bushi zilikerezwa kwa usahihi wa kusifiwa na grisi haikupita hata tone. Mtu alikuwa amezigeuza nusu mzunguko.

Sasa la vipuri. Jikerezee chochote ambacho kikishindwa gari linasimama na wewe unakasirika tu: bushi za aina hii, spesa, washa nene, vibonyezo vya kuingizia beringi na sili, pini ya kulengea klachi, vivutio vya kung'olea puli, vishikizo. Usijikerezee kitu ambacho kikishindwa gurudumu linakwenda njia yake. Kingpini yenyewe inunue. Ni chuma kilichochaguliwa, kikafanywa kigumu juu na kuachwa na ustahimilivu ndani, kisha kikasagwa kwa jiwe. Huwezi kuigiza hilo kwa kipande cha chuma ulichookota, hata kiking'aa vipi. Boliti za breki na za usukani vivyo hivyo. Boliti iliyoandikwa 8.8 kichwani ina maana: inakatika kwenye megapaskali 800 na inaanza kuvutika bila kurudi kwenye 640, na kwa kawaida nyuzi zake zimefinyangwa kwa kubingirishwa, hazikukatwa kwa kisu. Yako ingekuwa na mkato mkali chini ya kila uzi, na huko ndiko ufa huanzia.

Drami za breki hazitaingia kwenye lezi yako hata ukitaka. Kama katikati ya spindo iko 90 juu ya reli, kitu kikubwa kuliko 180 hakizunguki. Peleka karakana kubwa, ila kwanza tafuta kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, ambacho kwenye baadhi ya drami kimeandikwa juu yake. Krankishafti na silinda navyo ni vya karakana ya kusaga. Hakuna aibu. Na vumbi la breki za gari la umri huo usilipulize kwa upepo wala usilipige brashi kavu; bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lilowe maji, lifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa kikiwa kimefungwa.

Gari na lezi kuishi chumba kimoja kuna ugomvi wake. Vumbi la grainda na la msasa wa bodi likitua kwenye reli zenye oili linageuka kuwa jiwe la kunolea, na kibebeo kinalisaga kwenda na kurudi. Reli huchakaa zaidi karibu na chaki, na uchakavu huo ukishatokea hakuna shimu itakayoutibu. Nunua turubai nzito, funika lezi kila unapogusa bodi, na uifute kabla ya kuiwasha. Unapochomelea, waya wa kurudishia umeme ushike kwenye kile kile unachochomelea, karibu na chomo. Ukiushika mbali, umeme unapita kwenye beringi na kuzitia vidonda. Na usichomelee chuma ulichokisafisha muda si mrefu kwa dawa ya breki yenye klorini: joto linaigeuza kuwa fosijeni, gesi ya sumu.

Kuhusu kuweka gari pembeni uifanyie mashine matengenezo makubwa, nasema hapana. Nimeona miradi mingi ya magari ikifia hapo: mtu anaanza kupaka mashine rangi, anatengeneza benchi la mashine, kisha kabati la visu, na gari linabaki juu ya stendi miaka mitano likiwa limefunikwa shuka. Lezi yako ipe siku moja ya pete na shimu. Ikiweza kukereza milimita 40 kwa usahihi wa mia moja, imeshalipa kodi yake kwa gari hili. Mengine utayafanya pale kazi yenyewe itakapokudai.

Machache ya usalama, kwa sababu uko peke yako humo ndani. Ufunguo wa chaki ukiingia kwenye chaki, mkono wako usiuachie mpaka utoke. Ukiusahau ndani na kuwasha mashine, unaruka kama kombora. Na msasa usiuzungushe kwenye fimbo inayozunguka huku ukiwa umeshika ncha zake kwa vidole. Glovu nazo zivue. Kama chaki yako imeshikwa kwa nyuzi, usiendeshe mashine kinyumenyume ukikata, itajifungua.

Ukimaliza pete zile mbili, niandikie vipimo vyote viwili, umbali kati yao, na pia umbali kati ya miguu ya mashine. Tukiwa na hizo nne, shimu tutaikadiria kabla hujakata kopo.